Elimu Isiyo na Masimango

Maktaba ya umma ni chumba au jengo lenye vitabu na maandishi mengine, linalogharimiwa na jamii kwa ajili ya yeyote anayetaka kuyasoma. Maelezo hayo yanaitosha kamusi, lakini yanaliacha nje jambo lenye uzito zaidi. Anayeingia humo huchukua kitu chenye thamani bila kukinunua, bila kubembeleza, bila kuwa ndugu wa mtu, na hutoka bila deni la shukrani kwa yeyote. Katika jiji kubwa, ambako watu wamezoea kupishana bila kujuana, hilo halishangazi. Katika kijiji, kisiwa au mji mdogo, ambako karibu kila kitu hupita mkononi mwa mtu anayejulikana kwa jina na kwa ukoo, ni jambo la pekee. Thamani ya maktaba kwa jamii ndogo huanzia hapo, nayo ni thamani ya kimaadili kabla ya kuwa ya kielimu.

Elimu ya mahali padogo hukaa ndani ya watu. Mganga anazijua dawa, mwalimu mkuu anajua namna ya kuomba nafasi chuoni, mtendaji wa kijiji anaijua sheria ya ardhi, sheikh au padri anayajua maandiko, na mzee fulani anajua mipaka ya mashamba ilipitaje miaka hamsini iliyopita. Utaratibu huu una heri yake. Elimu huja pamoja na malezi, na anayeitoa huwajibika kwa anayempa, kwa kuwa wataonana tena kesho. Lakini una mlango, na mlango una bawabu. Anayetaka kujua hana budi kumwendea anayejua, kupiga hodi, kueleza shida yake, na akishaambiwa awe amefadhiliwa. Mjane anayetaka kufahamu haki yake katika shamba la marehemu mumewe hujikuta akiwauliza watu ambao baadhi yao ni shemeji zake. Kijana mwenye ugonjwa wa siri hulazimika kuutaja mbele ya mtu anayemfahamu mama yake. Mahali kama hapo swali lenyewe tayari ni habari, na habari haikai kwa mtu mmoja.

Tatizo la fadhila limetazamwa kwa makini sana na dini. Qurani, katika aya ya 264 ya sura ya al-Baqara, inawaonya waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na kuudhi. Onyo hilo halielekezwi kwa bahili, kwa maana yeye hajatoa kitu. Linaelekezwa kwa mtoaji, na sababu yake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kusimangwa: anayemkumbusha mwenzake alichompa humnyang'anya heshima, na heshima huwa na thamani kuliko kile kilichotolewa. Katika karne ya 12 Musa bin Maimun, mwanafalsafa na mwanasheria wa Kiyahudi aliyezaliwa Kurtuba na kufariki Misri mwaka 1204, alizipanga sadaka katika daraja nane. Ya juu kabisa ni kumsaidia mtu asimame kwa miguu yake mwenyewe, iwe kwa mkopo, ubia au kazi, asiwe na haja ya kuomba tena. Inayofuata ni ile ambayo mtoaji hajui amempa nani, na mpokeaji hajui kapewa na nani. Mfano alioutoa ni wa chumba kilichokuwa katika Hekalu la Yerusalemu, ambamo wenye uwezo waliweka kwa siri, na maskini wa watu wa heshima wakachukua kwa siri.

Maktaba ya umma inatimiza daraja zote mbili kwa pamoja. Aliyelipia kitabu hajui nani atakisoma, na anayekisoma hajui nani alikilipia. Tena anachokipata ni kile kinachomwezesha kujitegemea katika jambo lililompeleka humo, liwe ni kujaza fomu ya mirathi, kutunza kuku, au kuelewa hoja ya mwanafalsafa aliyekufa zamani. Hapana budi kusisitiza hilo la mwisho. Hotuba nyingi za kuzindua maktaba huzungumzia mitihani na ajira, kana kwamba mtu wa kijijini hana swali lolote juu ya asili ya ulimwengu, juu ya mauti, au juu ya haki. Anayo, na pengine ndiyo maswali ambayo ni vigumu zaidi kuyauliza kwa sauti mbele ya majirani.

Katika pwani ya Afrika Mashariki fikra ya kitabu kisicho na mwenyewe haikuja na ukoloni. Ilikuwapo katika wakfu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani hiyo, waliweka sharti kwamba kitu kinachowekwa wakfu kiwe kinaweza kutumiwa huku chenyewe kikibaki. Nyumba inafaa, kisima kinafaa, shamba linafaa. Chakula hakifai, kwa kuwa kukitumia ni kukimaliza. Kitabu kinafaa, kwani kusomwa hakukipunguzi neno hata moja, na msomaji wa mia hukikuta na yale yale aliyoyakuta wa kwanza. Wanafiqhi wa madhehebu mengine walijadiliana kama mali inayohamishika inaweza kuwekwa wakfu, na katika upande wa Hanafi hoja iliyoshinda ni kwamba yaruhusiwa pale desturi ya watu inapoikubali. Vitabu vikawa miongoni mwa mifano. Kwa kauli yenye nguvu ya Shafi, mali ikishawekwa wakfu hutoka katika milki ya mtoaji na kuwa ya Mwenyezi Mungu. Haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Mtoaji mwenyewe hana tena mamlaka ya kumwambia msomaji kwamba kitabu hiki ni changu. Sheria imemwondolea njia ya kusimanga.

Mji wa Lamu unaonyesha jinsi fikra hiyo ilivyofanya kazi katika jamii ndogo. Mwishoni mwa karne ya 19 elimu ya dini mjini humo ilishikwa kwa sehemu kubwa na familia zenye nasaba, na nafasi ya mtu katika elimu ilifuata nafasi yake katika mji. Habib Saleh, sharifu wa ukoo wa Jamal al-Layl aliyetoka Ngazija, alikaa upande wa Langoni na kuwafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuona kuwa elimu hiyo inawahusu: watumwa na waliotoka utumwani, wageni, na watu wa kazi za mikono. Msikiti na chuo cha Riyadha vilivyotokana na kazi yake mwanzoni mwa karne ya 20 vilijikusanyia hazina ya miswada ya Kiarabu katika fiqhi, nahau, tasawufi na mashairi ya kumsifu Mtume. Baadhi ya miswada hiyo imeandikwa ndani yake kwamba ni wakfu. Katika miaka ya 2010 ilipigwa picha na kuhifadhiwa kidijitali chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, hata ikawezekana kusomwa mbali kabisa na kisiwa.

Maana ya Riyadha haiko katika idadi ya miswada, ambayo si kubwa kwa vipimo vya Kairo au Timbuktu. Iko katika kukutana kwa mambo mawili: mwalimu aliyekataa kuwa ukoo ndio kipimo cha anayestahili kufundishwa, na vitabu ambavyo kisheria havikuwa vya ukoo wowote. Jambo la kwanza bila la pili hufa na mwalimu. La pili bila la kwanza huzaa kabati la vitabu vilivyofungiwa. Hata hivyo wakfu wa msikitini ulikuwa na mpaka wake. Ulimlenga mwanafunzi wa dini, mara nyingi mwanamume, tena anayejua Kiarabu. Utawa wa Kikristo ulikuwa na mpaka wa namna hiyo hiyo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6 inamkataza mtawa kumiliki hata kitabu au kalamu, na inaagiza kila mmoja apewe kitabu cha kusoma wakati wa Kwaresima; lakini ili mtu avifikie vitabu hivyo ilimpasa kwanza aweke nadhiri. Mali ilikuwa ya wote, na wote walikuwa wachache.

Hatua iliyofuata, ya kufanya vitabu kuwa vya wakazi wote kwa kodi yao, ilichukuliwa mapema na mji mdogo. Mwaka 1833 mkutano wa wananchi wa Peterborough, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, uliamua kutumia sehemu ya fedha walizogawiwa na jimbo kuanzisha maktaba ya bure kwa kila mkazi. Fedha hizo zilitokana na kodi ya mabenki, na awali zilikusanywa kwa nia ya kujenga chuo cha jimbo. Nia hiyo ilipoachwa ziligawiwa miji kwa ajili ya elimu, na miji mingine ikazielekeza kwenye shule. Mchungaji Abiel Abbot aliwashawishi wenzake wa Peterborough kwamba elimu haiishi mtu anapotoka darasani. Kabla ya hapo kulikuwa na maktaba za vyama, ambamo mwanachama alilipa ada ndipo akaazima. Tofauti ya aina hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika maktaba ya chama mtu husoma kwa kuwa ni mwanachama, na katika ile ya Peterborough husoma kwa kuwa anaishi hapo.

Uingereza ilipopitisha sheria yake ya maktaba za umma mwaka 1850 ilikwenda kwa kusitasita. Ni miji yenye watu wasiopungua 10,000 tu iliyoruhusiwa, tena mpaka theluthi mbili ya walipa kodi waliopiga kura wakubali, na kodi yenyewe haikuruhusiwa kununua vitabu: ililipia jengo, na vitabu vikangojewa kutoka kwa wafadhili. Miaka mitano baadaye sheria ililegezwa, kiwango cha idadi ya watu kikashushwa, na vitabu vikaruhusiwa kununuliwa. Katika toleo la kwanza mambo mawili yalikuwa yamekosewa kwa wakati mmoja. Jamii ndogo, ambazo hazikuwa na maduka ya vitabu wala vyuo, ndizo zilizoachwa nje. Na zile zilizoruhusiwa ziliachiwa rafu zijazwe kwa hisani. Jengo la umma lenye vitabu vya kufadhiliwa bado lina bawabu, ila sasa anakaa mbali.

Historia ya Andrew Carnegie inaonyesha pande zote mbili za suala hili katika maisha ya mtu mmoja. Alipokuwa kijana mhamiaji maskini karibu na Pittsburgh, alisoma vitabu vya Kanali James Anderson, aliyefungua maktaba yake binafsi kwa vijana wafanyakazi. Utaratibu ulipobadilika, na vijana wasiokuwa wanagenzi wa ufundi wakatakiwa kulipa dola 2 kwa mwaka, Carnegie, ambaye kazi yake ilikuwa ya kupeleka ujumbe wa simu za maandishi, aliandika barua gazetini mwaka 1853 akidai kwamba naye ni mfanyakazi. Alifaulu. Baadaye, akiwa tajiri mkubwa wa chuma cha pua, alitoa fedha za kujenga maktaba 2,509 duniani, na sharti lake lilikuwa la busara: mji utoe kiwanja, na kila mwaka utenge asilimia 10 ya kiasi alichotoa kwa ajili ya kuiendesha. Kwa sharti hilo hisani iligeuzwa kuwa wajibu wa mji wenyewe.

Lakini mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead walipogoma kupinga kupunguzwa kwa ujira, mgogoro uliishia kwa mapigano na vifo, na chama chao kikavunjwa. Maktaba ya Homestead ilifunguliwa mwaka 1898. Wapo waliouliza, na swali lao halijapoteza nguvu, mtu anayefanya kazi saa 12 kiwandani atasoma saa ngapi, na kama fedha ile haikuwa ujira wake tangu mwanzo. Baadhi ya miji iliikataa fedha ya Carnegie. Hoja yao haikuwa dhidi ya vitabu. Ilikuwa kwamba haki haiwezi kuchukuliwa kwa mkono mmoja na kurudishwa kama zawadi kwa mwingine, huku jina la mtoaji likichongwa juu ya mlango.

Kodi hulitatua tatizo hilo kwa kiasi ambacho sadaka haiwezi. Kila anayenunua sukari au mafuta ya taa amechangia hazina ya umma, hata akiwa hana kazi ya mshahara. Anapoingia katika maktaba iliyojengwa kwa hazina hiyo anaingia katika mali yake. Anaweza kuulizia kitabu kisichokuwapo, kulalamika kwamba muda wa kufunga ni mapema mno, na kusoma kwa saa nne bila kuonyesha unyenyekevu. Unyenyekevu mbele ya elimu ni tabia njema, ila unyenyekevu mbele ya mwenye funguo ni jambo jingine, na dini zilizosifu la kwanza hazikuliagiza la pili.

Neno "umma", hata hivyo, limewahi kutumiwa kwa udanganyifu. Maktaba ya kumbukumbu ya McMillan ilifunguliwa Nairobi mwaka 1931, na kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni milango yake ilikuwa ya Wazungu peke yao. Waafrika waliruhusiwa ukoloni ulipokuwa ukielekea ukingoni. Mwezi Machi 1961 wanafunzi tisa weusi wa Chuo cha Tougaloo waliingia katika maktaba ya manispaa ya Jackson, Mississippi, wakaketi kusoma, na wakakamatwa. Mji uliowakamata haukuogopa vitabu vyenyewe. Uliogopa maana ya mtu kuketi meza moja na mwingine, wote wawili kwa haki ile ile.

Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba nchi zilizopata uhuru ziliharakisha jambo hili. Tanganyika ilipitisha sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967. Kenya iliunda bodi yake mwaka 1965. Nia ilikuwa kufika mikoani na vijijini, na utekelezaji umekuwa mgumu kuliko nia. Mahali pengine umma wenyewe ulilazimu maktaba ibadilike umbo. Tangu mwaka 1996, huduma ya maktaba ya Kenya imepeleka vitabu kwa ngamia katika maeneo ya Garissa, na baadaye Wajir, kwa jamii za wafugaji ambazo haziishi karibu na jengo lolote. Ngamia mmoja hubeba masanduku mawili yenye vitabu takriban 400, wengine hubeba hema na vifaa. Likifunguliwa hema chini ya mti, mkazi wa mahali hapo ana haki sawa na mkazi wa Nairobi, ingawa chaguo lake ni dogo zaidi.

Pingamizi zito dhidi ya yote haya ni la mahitaji. Kijiji kisicho na zahanati wala maji safi, husemwa, hakina haki ya kufikiria vitabu. Wanaolisema hilo mara nyingi ni watu wema, tena wanaoijua bajeti ya halmashauri. Lakini hoja yao inachukulia kwamba mahitaji hupangwa kwa ngazi, na kwamba mtu haonji la juu mpaka amemaliza la chini. Maisha hayaendi hivyo. Mtu asiye na maji hufikiri, huamini, huhoji, hushitaki na hushitakiwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania iliendeshwa kwa vipindi vya redio, vijitabu, na vikundi vya kusoma vilivyokutanisha watu wapatao milioni 2, na vikundi hivyo vikachimba vyoo na kusafisha mazingira. Vijitabu havikungoja vyoo vimalizike. Vilikuwa sehemu ya kazi ya kuvichimba.

Kampeni za kufuta ujinga za miaka ile zinafundisha jambo jingine, la kuhuzunisha. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba takriban asilimia 90 walikuwa wamejua, na mafanikio hayo yakasifiwa duniani. Sensa ya 2002 ilikuta karibu asilimia 70. Sababu ni nyingi, zikiwamo hali ngumu ya uchumi na mabadiliko ya sera ya elimu. Lakini moja iko katika asili ya kusoma kwenyewe: stadi hii hupotea isipotumiwa, na haiwezi kutumiwa pale ambapo hakuna cha kusoma. Mtu mzima aliyefundishwa alfabeti kisha akaachwa bila kitabu wala gazeti amepewa ahadi iliyokatika nusu. Kwa jamii ya namna hiyo maktaba ya kijiji si anasa inayokuja baada ya elimu. Ni sharti la elimu hiyo kudumu.

Ipo namna ambayo hisani hurejea hata pale sheria imeifukuza, nayo ni shehena ya vitabu vya msaada. Makontena ya vitabu vilivyokwisha kutumika Ulaya na Marekani huwasili bandarini, na rafu za maktaba ndogo hujaa vitabu vya Kiingereza vya kodi za nchi nyingine, riwaya za majira ya theluji, na ensaiklopedia zilizopitwa na wakati. Wapo watoaji makini, na vimo vitabu vyema. Kwa ujumla hata hivyo, aliyetoa ndiye aliyeamua nini kisomwe, na msomaji wa Kiswahili hutazama rafu nzima bila kukuta sauti ya nyumbani. S. R. Ranganathan, mtaalamu wa hisabati aliyegeuka mkutubi mjini Madras, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1931 kwamba vitabu vipo ili vitumiwe, na kwamba kazi ya mkutubi ni kumkutanisha kila msomaji na kitabu chake na kila kitabu na msomaji wake. Kwa kipimo hicho, rafu moja ya vitabu 60 vilivyochaguliwa na watu wanaoijua jamii, vikiwamo vya sheria ya ardhi, afya ya mama na mtoto, kilimo cha zao la mahali hapo, diwani za mashairi na riwaya za Shaaban Robert na Shafi Adam Shafi, ina thamani kuliko chumba kilichojazwa na mtu asiyewahi kuuliza.

Wakutubi wengi wa Afrika Mashariki husikitika kwamba wanaokuja ni wanafunzi wenye madaftari yao wenyewe, wanaotumia kiti na meza tu na kuondoka bila kugusa rafu. Sikitiko hilo halina haja ya kuwa kubwa kiasi hicho. Nyumba yenye vyumba viwili na watoto sita haina mahali pa ukimya, na ukimya ni mojawapo ya vitu ambavyo fedha ndogo haiwezi kununua. Anayeketi kwa ajili ya mtihani leo amekwisha kuzoea kwamba mahali hapo ni pake. Ngome ya Lamu, iliyomalizika kujengwa mnamo mwaka 1821 na kutumika kama jela kwa miongo mingi hadi miaka ya 1980, iligeuzwa kuwa makumbusho na ukumbi wa jamii, na ndani yake pakawekwa maktaba. Kuta ambazo watu walifungiwa kwa lazima zimekuwa mahali wanapoketi kwa hiari, na katika mji ambao nyumba zake zimebanana, hilo peke yake ni faida.

Kuhusu simu na intaneti, husemwa kwamba zimeiondolea maktaba haja. Kweli simu janja humpa mtu majibu bila kumbishia hodi jirani, na kwa hilo imefanya kazi ambayo maktaba ilikuwa ikiifanya peke yake. Lakini bando hununuliwa, na mwenye nusu ya fedha hupata nusu ya jibu. Simu za nyumba nyingi hushikwa na zaidi ya mtu mmoja, kwa hiyo mke hawezi kutafuta jambo asilotaka mume alijue. Kampuni zinazotoa huduma za kutafuta bila malipo huziweka kumbukumbu za maswali na kuzitumia kuuza matangazo. Bawabu hajaondoka. Ameacha kuonekana tu, na kumbukumbu yake ni ndefu kuliko ya jirani.

Ndiyo maana siri ya msomaji ni sehemu ya maana ya maktaba ya umma, na katika mahali padogo ni sehemu yake nyeti kuliko zote. Chama cha wakutubi wa Marekani kiliiweka katika kanuni zake za maadili tangu mwaka 1939. Mkutubi wa mji mdogo anamjua msomaji, anawajua wazazi wake, na huenda anasali naye. Akisema sokoni kwamba fulani ameazima kitabu cha talaka, au cha dini nyingine, au cha ugonjwa fulani, ameirudisha maktaba katika hali ile ile ya kupiga hodi mlangoni kwa mtu. Hata vitu vidogo vina uzito. Kadi ya zamani iliyobandikwa nyuma ya kitabu na kuorodhesha majina ya walioazima humwambia kila msomaji nani alimtangulia; namba za uanachama badala ya majina hutosha kuondoa madhara hayo. Kumruhusu mtu asome humo humo ndani bila kuandikisha alichosoma ni hatua rahisi zaidi.

Haki hii ina wajibu wake, na wajibu huo hauelekei kwa mtoaji. Kitabu kilichoazimwa ni amana, na mwenye amana ni msomaji ajaye, ambaye aliyekishika hamjui na pengine bado hajazaliwa. Kuchana ukurasa ni kumdhulumu mtu asiyeweza kujitetea. Namna ya kuulinda wajibu huo ni suala la vitendo ambalo maktaba nyingi zimelikosea kwa kutegemea faini. Faini humuumiza asiyenacho na haimgusi mwenye nacho, na mara nyingi humfanya aliyechelewa aone haya kurudi kabisa, hivyo kitabu na msomaji hupotea pamoja. Maktaba ya jiji la Chicago iliziondoa faini za kuchelewesha mwezi Oktoba 2019, na katika majuma yaliyofuata vitabu vilivyokuwa vimekaa nje muda mrefu vilirudishwa kwa wingi kuliko kabla. Aliyekipoteza kitabu bado alitakiwa kukilipia au kuleta kingine kama hicho.